Mteja wa Bel-Air Asiyepokea Simu

Watu wengi wa Lubumbashi waliijua sauti ya Yasmine Amadi kabla ya kumjua mwenyewe. Kazi yake katika duka la mtandaoni la Tuletee ilikuwa kumpigia kila aliyeagiza kitu, kuhakikisha kwamba kweli anakitaka.

"Allô, mama! Ni Yasmine wa Tuletee. Ile sufuria ulichagula, tulete?"

Mteja anacheka, wanaulizana habari za nyumbani, na muda si mrefu sufuria imepanda pikipiki ya Moussa, mpeleka mizigo wao. Asiyepokea simu, oda yake inafutwa. Ndivyo alivyopanga Godefroid, mwenye duka, kwa kuwa wako watu wanaoagiza friji kwa kujifurahisha tu, kisha wanazima simu.

Yasmine hakuzoea kukataliwa. Baba yake, mzee Amadi, fundi wa makochi katika mtaa wa Kenya, hapohapo Lubumbashi, alikuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake akiongea, hata mwenye haraka anatafuta kiti. Ni mtu mmoja tu aliyemshinda: mteja wa mtaa wa Bel-Air aitwaye Huguette. Huyu aliagiza mashine ya kukaushia nywele. Yasmine akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Oda ikafutwa. Kesho yake Huguette akaagiza tena mashine ileile. Ikaita, ikafutwa. Na anwani yenyewe ilikuwa ya ajabu: "Bel-Air, avenue Uniandikie-Usinipigie." Moussa alikwisha kuitafuta avenyu hiyo hadi mafuta yakakaribia kumwishia.

"Huyu mama anatuchezea," Yasmine alisema, naye alilichukulia jambo hilo moyoni kama vile ametukanwa yeye na ukoo wake wote wa Maniema.

Wakati huohuo Godefroid alikuwa na mambo yake. Kampuni moja ya madini ya upande wa Kinsevere ilitaka wafanyakazi wake wanunue vitu vyao Tuletee, mkataba mnono kabisa. Lakini mwanasheria wa kampuni, mama Kapinga, aliweka sharti: sheria ya nchi inalinda haki za watu wenye ulemavu, na katika wafanyakazi wao wamo wasioona na wasiosikia. Duka lisilowafungulia wote, hasaini.

Godefroid akamwita Ariel, fundi wa mitandao aliyesoma naye chuo kikuu, kule Kasapa. Ariel alifanya kazi nzuri, hakuna wa kumnyima haki yake. Maandishi yaliyokuwa ya kijivu hafifu yakawa meusi ya kuonekana. Kila picha ikapewa maneno, ili programu inayomsomea kipofu skrini isiishie kusema "picha, picha, picha." Godefroid akafurahi, akampigia mama Kapinga.

"Muzuri," alijibu mama Kapinga. "Sasa unionyeshe mutu mumoja mwenye ulemavu mwenye alisha kununua kwenu."

Godefroid akapekua orodha ya wateja. Hakuwa naye.

Siku hiyo Yasmine hakuyasikia hayo, kwa kuwa Huguette alikuwa ameagiza tena. Yasmine alivaa kofia ya pikipiki, akamwambia Moussa, "Twende. Leo ataniambia mbele ya macho yangu kama anataka mashine ao hapana."

Bel-Air waliuliza duka hadi duka, mpaka muuza unga mmoja akawaonyesha saluni yenye mlango wa buluu. Ndani mlikuwa na redio, wanawake, na kicheko. Mwanamke mwembamba alikuwa amewapa mgongo, anamsuka mteja kwa vidole visivyoonekana kwa kasi. Yasmine akasimama mlangoni na kupiga ile namba. Simu iliyokuwa mezani ikawaka taa. Msusi akaitupia jicho, kama mtu anavyomwangalia nzi aliyekwisha kumzoea, akaendelea kusuka.

Hapo Yasmine alipasuka. "Mama! Simu yako inalia, unaiona, na unaacha tu! Siku zote hizi mimi napiga, napiga..."

Aliipandisha ile sauti yake mpaka redio ikawa kama inanong'ona. Wanawake wote wakageuka. Msusi peke yake hakugeuka.

"Unajichokesha bure, yaya, dada yangu," alisema mwanamke aliyekuwa akisukwa, jina lake Syntiche. "Huguette hasikii. Tangu utoto."

Yasmine akakata simu. Syntiche akamgusa Huguette mkono, akamweleza kwa ishara, huku akimwonyesha Yasmine kwa kidevu. Huguette akageuka, akamtazama mgeni kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaanza kucheka mpaka akaketi. Akafuta mafuta mikononi, akachukua simu, akaandika, akamgeuzia Yasmine kioo: "We njo unanipigiaka kila siku? Kumbe uko mufupi hivi!"

Yasmine naye akacheka, angefanya nini? Akachukua simu ile na kuandika: "Avenue yako iko wapi? Tumeitafuta sana."

Huguette akajishika kichwa. Hapakuwa na avenyu. Katika duka la Tuletee hapakuwa na mahali pa kusema jambo lolote isipokuwa jina, namba na anwani, basi aliandika kwenye anwani: uniandikie, usinipigie. Moussa, pale mlangoni, alivua kofia akaiweka juu ya uso.

Waliporudi kazini Yasmine hakungoja kukaribishwa. Godefroid alikuwa bado na Ariel.

"Patron, mumepaka mulango rangi muzuri sana," alisema, "lakini ufunguo iko sauti yangu. Kiziwi ataingilia wapi?"

"Bila kupiga, watatuchezea," Godefroid alisema.

"Bamoja wanatuchezea hata tukipiga. Huguette anataka kununua, sisi njo tunakataa."

Ariel alikuna ndevu. Kisha akasema yeye alipima kila kitu kilichomo kwenye skrini, wala hakuwahi kufikiri kwamba duka linaendelea hata mtu akishaifunga skrini. Akakaa palepale, akaongeza swali kwenye ukurasa wa kuagizia: unataka tukupate kwa simu au kwa ujumbe?

Mama Kapinga alipokuja kujionea, hawakumpeleka ofisini. Walimpeleka saluni. Huguette aliagiza mbele yake, ujumbe ukaja, akajibu ndiyo kwa kidole kimoja, na Moussa akafika na mashine. Mama Kapinga alisaini siku chache baadaye. Siku ile ya saluni alikuwa ametoka pale amesukwa.

Yasmine hakufurahia kila kitu. Wengi wenye masikio mazima nao walichagua ujumbe: mwenye mtoto aliyelala, mwenye bosi mkali, mwenye kuchoka tu. Simu yake ikapoa, na asubuhi nyingine alikaa akiiangalia kwa kinyongo. Halafu akaanza kuandika ujumbe jinsi anavyoongea, mrefu, wa salamu na maswali, wenye makosa ya tahajia ambayo Godefroid aliyaonea aibu na wateja wakayaomba tena. Jumamosi alikwenda Bel-Air kujifunza ishara. Rafiki za Huguette wakampa jina la ishara: vidole vinavyofunguka na kufumba mbele ya mdomo, kama mdomo wa bata. Alilionyesha nyumbani kwa fahari, na mzee Amadi akasema hao watu wanamfahamu vizuri.

Juzi Huguette aliletewa nywele za kusukia, nyekundu badala ya nyeusi. Akamwita Yasmine kwa simu ya picha, na mikono ikaanza kuruka kwa hasira kiasi kwamba Yasmine alishika nusu tu ya maneno. Yasmine akaiegemeza simu kwenye birika ya chai, ili mikono yake yote miwili iwe huru, akaanza kumjibu.