Fungu la Ruqaya

Miaka ishirini na mbili Ruqaya alikaa nyuma ya kaunta ya duka la kanga la baba yake, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Wateja wa Lubumbashi na wa Moroni waliijua sauti yake kwenye simu kabla hawajaiona sura yake. Baba alikuwa akikaa mlangoni na kahawa yake, anasalimia watu. Daftari lilikuwa la Ruqaya. Kila korija ya kanga, ishirini ishirini, iliyoingia, kila korija iliyotoka, kodi ya fremu, mishahara, umeme, yote kaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kubanana. Majirani wakimtania, eti dada wa daftari. Na wamtanie tu, yeye aliendelea kuandika.

Baba alipofariki, kaka yake Muhiddin, ambaye miaka yote hiyo alikuwa Muscat, akarudi na haraka zake. Wiki moja baada ya arobaini akaingia dukani, akahesabu mali ya kabatini, akatoa madeni, akapata milioni arobaini na tano. Mama yao hayupo, warithi ni wao wawili, na fungu la kaka ni mara mbili ya la dada. Basi Ruqaya achukue kumi na tano zake, akapumzike nyumbani.

Akapumzike, mwanamke wa miaka arobaini na nne, ana nguvu zake. Ilimuuma, tena sana. Na hakuwa na ugomvi na sheria ya Mungu, msimsingizie. Ugomvi wake ulikuwa na ile arobaini na tano.

Ijumaa, baada ya sala, wakakutana nyumbani kwa Ami Habib, mdogo wa marehemu, karibu na Mnazi Mmoja.

"Kaka, umehesabu vitambaa," Ruqaya akasema, akilifungua daftari lake mezani. "Duka hujalihesabu. Tazama humu. Ukitoa gharama zote na kodi ya serikali, mwaka juzi limebakiza milioni thelathini na nne, mwaka jana thelathini na sita. Atakayelinunua kwa bei yako, mwaka na miezi mitatu hela yake imesharudi, na duka bado analo. Kariakoo hii nani anauza hivyo? Mimi nasema milioni mia na nane, faida ya miaka mitatu."

Muhiddin akacheka. "Hizo ni hesabu za makaratasi. Thamani ni kile kinachoshikika."

"Sawa," Ruqaya akasema.

Akafungua mkoba, akatoa hundi ya benki. Kiwanja chake cha Kigamboni alikuwa amekiuza Jumatatu, na bangili za dhahabu alizoachiwa na mama, Jumatano. Zile bangili alizililia, lakini aliziuza.

"Kwa bei yako, kaka, fungu lako ni milioni thelathini. Hizi hapa. Nalinunua mimi, leo hii, Ami akiwa shahidi."

Hundi ikakaa mezani katikati ya vikombe. Muhiddin akaitazama, hakuigusa. Ami Habib akamgeukia taratibu.

"Unauza, Muhiddin?"

"Siuzi."

"Kwa nini? Bei si umeitaja mwenyewe?"

Muhiddin akakohoa. "Ndogo," akasema, kwa sauti ya chini.

Ruqaya akalivuta daftari, akafungua ukurasa mweupe, akashika kalamu.

"Haya, kaka. Sogea tuhesabu."