Siku Nilipoikataa Posa kwa Chafya

Nitawaambia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu mwingine, maana pale mtaani kwetu Alby bado wanaisimulia, na kila anayeisimulia anatia chumvi yake: mimi ndiye yule mjomba aliyesimama mbele ya wageni, akawaambia hatuna binti wa kuoza, akatoka nje machozi yakimtiririka na kuwaacha wamekaa. Aibu yote hiyo ni yangu na siikani. Ila sikuwa nalia.

Mimi na majira ya kuchipua hatupatani kabisa. Wasweden wakianza kuvua makoti na kukaa juani wamefumba macho kwa raha, mimi yangu yanajifumba kwa kuvimba. Ni ule mti wao wa gome jeupe, björk, unaomwaga vumbi la manjano hadi kwenye vioo vya magari, na likiniingia puani basi siku hiyo mimi si mtu, ni chafya na koo kuwasha mpaka sauti inapotea. Naishi kwa vidonge. Neema, mtoto wa dada yangu (baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, kwa hiyo mjomba ni mimi na baba ni mimi), alikuwa ananisihi siku zote nikachomwe sindano za aleji, zile wanakutia kidogo kidogo kitu kile kile kinachokusumbua mpaka mwili ukizoee. Nikaona ni jambo zuri, hadi niliposikia ni kama miaka mitatu, na kila ukichomwa unakaa hapo nusu saa wakuangalie usije ukazidiwa. Mimi naogopa sindano. Haya, nimesema. (Kazi yangu ni kubeba makabati na majokofu ya watu wanaohama nyumba, mkinitazama hamwezi kuamini.)

Kila akiniuliza namjibu bado nafikiria. Mwishowe akanipangia miadi ya kile kipimo tu, wanakukwaruza mkononi waone ni nini hasa kinakusumbua, na muuguzi akaniambia kwa simu niache vidonge siku kadhaa kabla, la sivyo kipimo hakitaonyesha kitu. Kipimo ni Jumatatu. Posa ya Neema ni Jumamosi, siku mbili kabla yake, na msemaji wa familia ni mimi.

"Mjomba, piga simu wakubadilishie siku," akasema Neema.

Nikamwambia posa yenyewe ni ndani ya ukumbi, nitavumilia. Ukweli ni kwamba nilijijua, nikiahirisha sirudi tena.

Sasa, mchumba wake, Thierry, ni Mrundi, wazazi wake wanakaa mtaa wa Hjulsta, na kwao msemaji wa upande wa binti lazima akatae kwanza. Ni mchezo, kila mtu anajua ni mchezo: unawaambia wamepotea njia, wanakubembeleza, unawazungusha, watu wanacheka, halafu unakubali na vinywaji vinafunguliwa. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mke wangu akanichoka. Nisichojua ni kwamba dada yangu, ili ukumbi upendeze, alikuwa amekata matawi ya björk, akayafunga manyoya ya rangi kama wanavyofanya Wasweden wakati wa Pasaka, akayaweka kwenye ndoo za maji siku nyingi kabla, na kwa joto la mle ndani yakachanua. Ndoo moja iko nyuma ya kiti changu. Mimi niliona manyoya tu, nikasema dada ana mkono mzuri.

Mzee Salvator, msemaji wao, akaanza taratibu, "Bwana Wafula, sisi tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri kwenu."

Nikasimama. Nikasema, "Wazee wangu, mmepotea njia. Hapa hatuna binti wa kuoza."

Wakacheka vizuri. Kilichofuata nilitakiwa kuwauliza wametoka wapi, ila badala ya swali ikaja chafya, ikafuatwa na nyingine, na nyingine, macho yakajaa, koo likabana, sauti ikakatika. Nikainua mkono, nikiwa na maana mnisubiri kidogo (lakini mjomba aliyekwisha kukataa, akainua mkono huku anatokwa machozi, nyinyi mngeelewaje?), nikatoka nje kutafuta hewa. Nje kuna björk mstari mzima.

Nilipoanza kuona tena, wageni walikuwa wanatoka na makoti yao. Mzee Salvator akasimama mbele yangu, hana hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Baba, sisi hatuwezi kubeba mtoto wa watu kwa machozi. Kama moyo wako umekataa, tunakuheshimu."

Nikafungua mdomo, ikatoka miluzi. Nikatikisa kichwa kumwambia sivyo, naye akadhani nasisitiza.

Neema akaja mbio. Alikuwa chumba cha pembeni akingoja kuitwa, kwa hiyo alisikia nakataa, akasikia kimya, kisha viti vinasogezwa. "Mjomba, umenikataa mbele ya watu?" Yeye alikuwa analia kweli. Mtoto niliyemlea mwenyewe, nimemvunjia siku yake, na siwezi kumwambia hata neno moja.

Akanitazama usoni. Akatazama juu, kwenye miti.

"Umeacha vidonge," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Akawageukia wakwe. "Halii huyu. Ni aleji. Kuna sindano za kumtibu, anaziogopa."

"Mtu mkubwa hivi?" akauliza shangazi yake Thierry, na hapo kicheko kilichopigwa sitakisahau.

Mzee Salvator peke yake hakucheka. Alingoja tukarudi ndani, ndoo zikatolewa, mimi nikakalishwa na kitambaa cha maji usoni, ndipo akasimama. "Binti tunamwoa," akasema. "Ila leo sisi ndio wenye sharti. Mjomba achomwe hizo sindano mpaka za mwisho, na Thierry ndiye atakayempeleka."

Watu wote wakanigeukia. Neema alikuwa amefumbata mikono, ananitazama. Nikakubali kwa kichwa, na vinywaji vikafunguliwa.

Kipimo nilikwenda, na majani yalipoanza kupukutika nikaanza kuchomwa. Thierry ananipitia kila mara, tunakaa wote ile nusu saa. Kwetu mjomba ndiye anayempima mkwe, na mimi wangu nilimpima nimefumba macho, nimemng'ang'ania yeye mkono, huku muuguzi akiniambia nilegeze bega, na kijana wa watu akauacha mkono wake ubanwe, na hajamwambia mtu yeyote hadi leo. Nimepewa mtu mwema kwa njia ya aibu.

Neema ana mdogo wake wa kike, naye nasikia ameshapata mtu. Nimewaambia mapema kabisa: posa hiyo iwe Novemba, miti ikiwa mitupu.