Kikombe cha Arobaini

Safta alizoea kupanda ngazi za nyumba ile, lakini siku hiyo miguu ilikuwa mizito. Nyuma yake alikuja Bi Reuter wa ustawi wa watoto. Jirani Mjerumani alikuwa amepiga simu kusema kwamba ghorofa ya juu kuna mwanamke wa Kiroma, mgeni kutoka Romania, amefungiwa chumbani na kichanga chake, analishwa peke yake kama mfungwa.

Safta naye ni Mroma, wa jamii ile inayobaguliwa kote Ulaya. Chama kidogo kinachowasaidia Waroma wahamiaji kaskazini mwa Dortmund kilimwajiri awe mdomo wao: kwa wenye nyumba ambao wakiona sketi ndefu husema chumba kimeshapata mtu, na kwa walimu wanaowaketisha watoto wao nyuma. Kila nyumba ya Waroma ilimpa kahawa. Bila kahawa hiyo hakuna ambaye angemwambia shida yake.

Walimkuta Crina kitandani akinyonyesha, blauzi imelowa maziwa, mtoto amefungwa uzi mwekundu mkononi. Dirishani palikuwa na jiko lake dogo la umeme, sufuria yake na kikombe chake cha buluu. Arobaini yake haijaisha. Mzazi hagusi vyombo vya nyumba, na anayekula au kunywa katika vyombo vyake naye huonekana amechafuka, watu wakaacha kula naye.

Safta alieleza yote. Bi Reuter hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Lakini alisema kila nyumba anaambiwa ni mila. Akaomba jambo moja: Crina awachemshie chai kwa mikono yake, wanywe pamoja, waongee. Mfungwa hakaribishi wageni. Ikishindikana, mama na mtoto wataondoka naye leo, mpaka ukweli ujulikane.

Safta akajitolea kupika yeye. Bi Reuter akatikisa kichwa.

Persida, mama mkwe wa Crina, alisimama mlangoni akimchekea mgeni. "Huyu mzazi akigusa birika langu nalitupa dirishani, na wewe ulifuate," alimwambia Safta kwa Kiroma, kwa sauti ya kubembeleza. "Mwambie anaumwa. Si unalipwa kwa kusema, mwanangu?"

"Akiumwa ndiyo watamchukua, shangazi."

Crina alimlaza mtoto. "Dada Safta, sufuria yangu ipo. Kikombe ni hiki kimoja. Lakini nani atakinywea?"

Safta akamwonyesha jiko. Maji yakachemka, Crina akakoroga sukari. Bi Reuter alikunywa, akasifu, kisha akampa Safta kikombe na kumtazama. Persida pia alimtazama. Asipokunywa, Mjerumani ataamini kwamba Crina ametengwa kweli, mpaka na Mroma mwenzake. Akinywa, Persida ana mdomo, na mtaa una masikio.

Mtoto alianza kulia. Crina hakumnyanyua, alikuwa anaangalia kikombe.

Safta akanywa mpaka majani ya chini.

Bi Reuter alimshika mtoto wayo, akacheka, akaaga. Mtoto akabaki kwa mamake. Persida alimsindikiza Safta hadi mlangoni na kumwambia Mungu atamlipa, lakini mkono hakumpa, wala kahawa hakuitaja.

Kesho yake mkuu wa chama, Mjerumani mwenye moyo mwema, alimpongeza mbele ya wenzake, akamwongezea familia za kutembelea, maana Waroma wanamwamini. Safta alishukuru. Angemweleza vipi? Angesema watu wangu wamenitenga kwa sababu ya chai, na yeye angewaona Waroma kama yule jirani alivyowaona.

Akaenda kwa Rozalia, ambaye mwanawe alikataliwa shuleni. Zamani Rozalia alimtolea vikombe vya harusi yake. Leo alimletea kile chenye mpini uliovunjika, kinachokaa chini ya sinki kwa ajili ya msoma mita na polisi.

Safta alikigeuza, upande uliovunjika ukaelekea ukutani, akanywa. Akauliza kwa Kiroma habari za yule mtoto.

Rozalia akamjibu kwa Kijerumani chake cha kuokoteza.