Nilivyonadi Nguo kwa Kunong'ona

Siku niliyotoka hospitali nilimpigia simu mama mkwe, nimwambie nimepona.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akalipuka: "Mshenzi wewe! Unanihemea kwenye simu, mimi mke wa mtu? Huna mama kwenu?"

Akakata.

Nikapiga tena. Akampa simu baba mkwe. Aliyoyasema mzee siyaandiki hapa, watoto wanasoma.

Jamani, sikuwa nahema. Nilikuwa naongea. Ndiyo sauti niliyotoka nayo huko.

Mimi ni mnadi wa mitumba sokoni. Walikuwa wananiita Honi. Nikisema "Koti la baridi hilooo!" mpaka mtaa wa pili walijua zipu yake ni nzima.

Basi nikaota rovu shingoni, uvimbe kama limau. Daktari wa upasuaji akaniambia ni kazi ndogo, kama kumenya ndizi.

Akamenya kweli. Akamenya na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti.

Nilipozinduka na kulalamika, akanipigapiga begani. "Koo limekauka tu. Kunywa maji ya uvuguvugu."

Nilikunywa mpaka tumbo likawa linacheza kama mtungi. Sauti wapi!

Nikaenda hospitali nyingine, wakanipitishia kamera puani. Daktari wa kule akaguna. "Uzi mmoja wa sauti umepooza. Mshipa ulikatwa. Hawakukwambia?"

Hawakuniambia.

Mke wangu akanifariji anavyojua yeye: "Tangu unioe, leo ndiyo nimemaliza sentensi."

Nilicheka. Nikaendelea kucheka mpaka siku binti yetu mdogo alipoifuata pasi ya moto. Nikamwita. Ikatoka hewa tupu. Nikarusha kiatu, kikagonga sufuria, ndipo akageuka.

Nilikaa chini nikalia. Hata kilio hakikusikika.

Nikaifungulia madai hospitali iliyonipasua. Hospitali ikajibu kwamba naigiza. Eti naigiza!

Huku nyumbani watoto wanataka kula. Nikapelekwa kituo kimoja kinachowafundisha walioumia namna ya kurudi kazini. Mwalimu wangu alikuwa mama wa miraba minne, tulimwita Mama Pumzi.

"Tukufundishe kutunza stoo," akasema.

"Mama, mimi ni mnadi."

"Mnadi bila sauti ni jogoo wa plastiki."

"Basi nifundishe kuwika."

Alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Kisha akaanza kunitesa. Vuta pumzi kwa tumbo. Sentensi fupi. Tumia mikono, tumia macho. "Na uache kulisukuma koo kama gari bovu!"

Siku ya majaribio tulienda wote sokoni na kipaza sauti. Nikafungua mdomo.

Nilisikika kama nyoka aliyemeza redio. Wauzaji wenzangu hoi kwa kicheko. Nikataka ardhi ipasuke.

"Zima hilo dude," Mama Pumzi akasema. "Kwa kelele huwawezi hawa. Chagua mtu mmoja, mwambie yeye peke yake."

Nikampungia dada mmoja aliyekuwa anapita. Nikanong'ona, "Hili koti sijamwonyesha mtu."

"Eti?" Akainama.

"Angalia mshono. Polepole, wasikuone."

Mwingine akamwona kainama, naye akainama. Binadamu bwana! Ukipiga kelele anapita zake. Ukinong'ona anajua kuna siri, na siri haimpiti. Mara meza yangu imezungukwa, vichwa vimegusana kama wanachungulia kisima.

Nguo zikaisha. Mama Pumzi alijifanya anapenga kamasi, lakini nilimwona anafuta machozi.

Nikarudi kazini rasmi. Wakaanza kuniita Bwana Siri.

Kumbe habari zikafika hospitali.

Siku ya kusikilizwa madai, mwakilishi wao akasimama, koti limemkaa, tabasamu hadi masikioni. "Mheshimiwa, huyu asiye na sauti ananadi sokoni kila siku. Nilikwenda mwenyewe, nikamrekodi."

Nikanyoosha shingo nione.

Akaonyesha video. Ni mimi kweli: mdomo unacheza, mikono juu, watu wamejaa.

Mzee aliyekuwa anasikiliza shauri akakunja uso. "Mbona haina sauti?"

"Mheshimiwa, picha inajieleza..."

"Ongeza sauti."

Jamaa akasitasita. Akaongeza.

Makelele ya soko. Kisha sauti moja, nene, safi kabisa: "Bwana, sikusikii! Paza sauti! Nasema sikusikii!"

Ilikuwa yake mwenyewe.

Na mwishoni: "Haya basi, nipe hilo."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mzee akavua miwani. "Ulichonunua ndilo hilo koti ulilovaa?"

Jamaa akainamia viatu vyake. "Ndilo, mheshimiwa."

Hospitali ikabanwa ikakiri kosa, ikanilipa, na yule daktari akaniomba radhi mbele ya mke wangu, kwa sauti ndogo kuliko yangu.

Yangu haijarudi, na wameniambia hairudi. Zipo jioni naikumbuka, siwadanganyi.

Ila nawaachia hili: mtu akikuumiza halafu akasema unaigiza, usinyamaze kwa sababu huna nguvu ya kupiga kelele. Nong'ona hivyo hivyo. Ukinyamaza, wao ndio watakaokusemea, na watasema uongo.