Marakuja juu ya Msonobari

Shakuru hakuwa mtu wa uongo. Ila aliusema mmoja, tena bila kufungua kinywa. Alikuwa mtunza bustani wa nyumba ile ya Kibenga tangu mwenyewe, Sylvère, angali hai. Sylvère alipofariki, msonobari alioupanda kwa mikono yake nao ukakauka. Shakuru akamwonea huruma mjane, akapanda marakuja, yaani mapasheni, shinani. Yakatambaa mpaka juu, mti ukaonekana wa kijani tena.

Mjane huyo, Spéciose, alifurahi mno. Kila asubuhi alitoka na kitenge chake, akaushika mti na kuusalimia kwa jina la mumewe. Shakuru, fagio mkononi, alikuwa akitazama pengine.

Sasa mwaka ulikuwa umetimia, na karamu ya kuondoa matanga ilikuwa kesho. Hema lingefungwa kwenye mti huohuo, na wazee wa ukoo wangekaa chini yake. Shakuru alikwangua uyoga uliojibandika shinani, akapaka chokaa, ua mzima ukang'aa. Moyo wake haukung'aa hata kidogo.

Amélie, binti wa nyumba aliyekuwa akisomea mimea chuoni, aliokota kipande cha uyoga kwenye takataka. Akakigeuza barazani mbele ya mama yake. Juu kilikuwa cha kijivu chenye vinyweleo. Chini vitundu vidogo, na ukingoni rangi ya zambarau. Alisema anaujua: unakula misonobari iliyokwisha kufa. Akamuuliza Shakuru, aliyekuwa akifagia hapo karibu, umetoka wapi.

Shakuru angeweza kusema umetoka kwenye kuni. Kuni zilikuwepo, tena tele. Lakini akilini aliwaona wazee wale wamekaa chini ya gogo bovu, akaegemeza fagio ukutani.

"Mu muti ya muzee," alisema. "Ilikufa zamani, mama. Marakuja ni mi nilipanda, juu usione vile imekauka."

Spéciose aliuendea mti, akapenyeza vidole chini ya majani. Ganda likabanduka lote, likabaki mkononi. Bila kupandisha sauti, aliagiza hema lifungwe kwingine na mti ukatwe leo hii. Shakuru alikuwa anakwenda kuchukua msumeno Spéciose alipomwita.

"Kila asubui nilikuwa naisalimia. Ulikuwa unanisikia?"

"Nilikuwa nakusikia, mama."

"Na we unafagia tu."

Shakuru aliendelea na njia yake. Alipopata msumeno aliukata mmarakuja kwanza, na ulikuwa umejaa maua.