Muhogo Bila Ukungu

Niliolewa Nambambo siku zile matrekta ya mashamba ya karanga yakisikika mpaka uani kwetu. Mimi ni mtu wa Lindi. Muhogo kwetu unamenya, unachemsha kwa nazi, unakula, basi. Mama mkwe wangu, Mmakua, yeye alilima muhogo mchungu. Aliumenya, akaurundika pembeni jikoni, akaufunika majani. Mara akaitwa msibani Chunyu. "Nitunzie muhogo wangu," akaniambia, akaondoka.

Kesho yake nikafunua. Lahaula! Ukungu umeanza kuota, manyoya meupe na meusi. Bibi harusi wa mwezi mmoja, nimeshaozesha chakula cha watu! Nikaukwangua wote, nikauosha, nikauanika juani ukawa mweupe pe. Ulipokauka nikatwanga, nikasonga ugali.

Mume wangu, mwalimu wa shule, alikuwa ndiyo kwanza amenawa mikono mama mkwe alipoingia, mzigo bado kichwani. Akautazama ugali, mweupe mno.

"Huu ni muhogo ule? Ukungu wake uko wapi?"

"Nimeuondoa ulipoanza kuota tu, mama," nikajibu, najivuna kabisa.

Mzigo ukaanguka. Akaivuta sahani. "Huu bado una sumu! Mmekula?"

"Bado," akasema mume wangu. Tonge lilikuwa mkononi mwake.

Mama mkwe akakaa chini palepale, akitoa alhamdulillahi zisizo na idadi. Mimi nikalia. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu niwaue, na nilijua kesho narudishwa Lindi.

Hakunirudisha. Mume wangu ndiye aliyenieleza: ukungu ni kiumbe hai, ndugu wa uyoga. Hauna ukijani, kwa hiyo haujitengenezei chakula kwa jua. Unapenyeza nyuzi zake ndani ya muhogo, unatoa majimaji ya kuulainisha, kisha unafyonza. Muhogo ukilainika hivyo, sumu yake inatoka; mimi niliukwangua kabla haujamaliza kazi.

"Na nani anaupanda?"

"Hakuna. Mbegu zake ni vumbi, zinaruka hewani. Humu jikoni zimejaa tele."

Nikaangaza macho jikoni kote, kisha nikacheka.

Tukachimba muhogo mwingine, tukaurundika. Safari hii nikawa naubembeleza ukungu wenyewe: "Ota basi, mbona unaringa?" Ulipoenea kote nilipiga kigelegele, majirani wakadhani kuna harusi. Mama mkwe akanionyesha namna ya kuukwangua na kuanika, siku zikapita, nikasonga tena.

Nikauweka ugali mbele yao. Mimi mwenyewe niliogopa kumega. Mama mkwe akamega tonge la kwanza, akalimeza, akanisogezea sahani.

"Kula, mwanangu."