Nukta Nyekundu ya Tata Barnabé

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi, majirani wa mtaa wetu wa Dilala watalisema kwa chumvi zao. Ijumaa moja niliitwa kwa mzee wetu, Tata Barnabé Mukalay, kutengeneza feni ya kompyuta yake, iliyokuwa ikipiga kelele. Feni tu. Lakini mimi Ntumba, fundi wa kike, sina adabu mbele ya kompyuta. Nikiona kitu kimekaa vibaya, mikono inaniwasha. Mashine yote ilikuwa kwa Kichina, maana ilinunuliwa kwenye ofisi moja ya mgodi wa Wachina, upande uitwao Mashamba, siku ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Nikaona aibu kwa niaba ya mzee: karani mzima, aliyeandika Kifaransa maisha yake yote, anakaa mbele ya michoro asiyoisoma! Sikumwuliza mtu. Nikageuza kila kitu kuwa Kifaransa, kisha nikasafisha kioo kwa spiriti. Chini kulia palikuwa na doa jekundu lililoganda. Nililikwangua kwa ukucha mpaka likatoka.

Mzee aliporudi na chai alitazama kioo kwa muda, akasema, "Aksanti, mwana." Nikaenda zangu nikijisifu njia nzima.

Tata Barnabé alifanya kazi miaka thelathini na miwili katika magazini, yaani ghala, ya kampuni ya migodi, akitoa boliti, glavu na mikanda ya pampu. Magazini hakuna kinachotoka bila bon, yaani kikaratasi chenye sahihi ya mkubwa. Mkurugenzi mwenyewe aje, bila bon arudi mikono mitupu. Tabia hiyo ilimwingia mzee mwilini. Hata ukimkaribisha sukari nyumbani kwako, haigusi mpaka umwambie mara mbili. Mkewe, Mama Adèle, alifariki miaka minne iliyopita, na binti yao wa pekee, Mignonne, anaishi Uchina, alikokwenda kusoma akaolewa. Mzee amebaki peke yake katika nyumba ya kampuni yenye vyumba vinne, viwili amevifunga. Simu yake iliibwa sokoni, akakataa kununua nyingine. Alisema hana wa kumpigia. Ukipita kumsalimu, anakusindikiza kwa maneno hadi barabarani, na ukishaondoka unamsikia bado anamalizia.

Jumapili nilikuwa nimetoka kanisani, nakula bukari, ugali wetu wa huku, nikaona pikipiki ya teksi inasimama mlangoni na Tata Barnabé anashuka. Sijawahi kumwona juu ya pikipiki. Amevaa suti na tai, kofia mkononi, jasho linamtiririka.

"Ntumba mwana, ordinateur ile ulitengeneza Ijumaa inalia, na mi sione pa kubonyeza."

"Namna gani hauone, Tata?"

"Ile alama nyekundu haiko tena. Njo pale nilikuwa nabonyeza."

Nikarudisha tonge sahanini. Akanieleza pale pale, amesimama. Mignonne alipokuja likizo miaka mitatu iliyopita, alimwekea baba yake programu ya kuongea kwa picha. Kila Jumapili saa saba mchana anapiga. Kwa kuwa mzee hasomi Kichina, binti alichukua rangi ya kucha ya marehemu mama yake akatia nukta kwenye kioo, mahali ambapo kitufe cha kupokea hutokea. Akamwambia: ikilia, peleka mshale hapa, bonyeza, usiguse kingine. Mzee hakugusa kingine.

"Juu ya nini haukuniambia Ijumaa?"

"Ulikuwa na furaha sana, mwana."

Na Jumapili hiyo haikuwa ya salamu tu. Mignonne alikuwa amejifungua siku sita zilizopita. Katika ukoo wao, babu ndiye anayetoa jina, tena baada ya kuuona uso wa mtoto. Kabla ya hapo mtoto anaitwa "mugeni" tu. Jumatatu asubuhi karatasi zake zilitakiwa kupelekwa ofisini zikiwa na jina. Suti ilikuwa ya kumpokea mjukuu.

Tulipofika, mashine ilikuwa inalia tena. Nikakimbilia kiti. Dirisha la simu lilikuwa limekatwa kwa kipimo cha maneno ya Kichina ya herufi mbili tatu, na Kifaransa changu kirefu kilikuwa kimelijaza na kusukuma vitufe nje ya fremu. Chini kulionekana ukingo tu wa kitufe cha kijani, mwembamba kama uzi. Nikavuta dirisha, halikuvutika. Kwa haraka nikabonyeza kitufe cha Entrée. Dirisha likafungwa na nyumba ikanyamaza.

"Umemukata," mzee akasema, taratibu kabisa.

Heri angenitukana. Nikarudisha Kichina kila mahali, nikazima mashine na kuiwasha upya. Ni ya zamani, inaamka kwa uvivu. Mzee alikaa kofia magotini akitazama kioo. Michoro yake ikarudi, na programu ikafunguka ilivyokuwa zamani. Tukangojea. Saa nane ikapita, ikaja saa tisa na nusu, kule Uchina tayari usiku. Haikulia.

"Labda analala," akasema. "Mutoto muchanga anachokesha."

Akaanza kulegeza tai. 

"Tata, basi tumupigie sisi."

"Kumupigia? Na hii?"

"Na hii hii."

"Mi najua inalia tu."

Miaka mitatu! Nikamwonyesha, karibu na picha ya Mignonne, mchoro mdogo wa kamera. Nikampa kipanya. Akaurudisha mkono wake haraka.

"Mignonne alisema nisiguse kingine."

Ningeweza kubonyeza mwenyewe tukamaliza. Badala yake nikachana karatasi kwenye daftari langu, nikaandika: *Bon ya simu moja, kwa Mignonne.* Nikatia tarehe na sahihi. Tata Barnabé akavaa miwani, akaisoma yote, akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti. Ndipo akabonyeza.

Mignonne alitokea na kitambaa kichwani, macho yamevimba.

"Baba? Njo weye umepiga?"

"Ni mi."

Akaanza kulia. "Simu ilikatwa, nikasema Baba amekasirika. Na miaka yote hii haujanipigia hata siku moja. Nilifikiri unaniitika juu ya heshima tu."

Mzee alisogeza kiti karibu na kioo. Akasema, "Leta mugeni nimuone."

Mtoto akaletwa karibu, amelala, amekunja uso. Babu yake akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Adèle," akasema.

"Adèle," Mignonne akajibu kutoka kule.

Baadaye nilitia nukta mbili kwenye kioo kwa rangi yangu ya kucha. Ni ya zambarau, sina nyingine, na ile nyekundu ya Mama Adèle sitaweza kuirudisha. Ya kulia ya kupokea, ya juu ya kupiga.

"Hii ya juu ni ya Jumapili tu?" mzee akauliza.

"Ya siku yote, Tata."

"Hata katikati ya juma?"

"Hata kesho."

Akafikiri. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile karatasi, akainyoosha juu ya meza mbele yangu.

"Lakini hii iko ya simu moja," akasema.

Nikavuta kiti, nikafungua daftari, nikaanza kuandika nyingine.